Mahakama Ipo Hapa Hapa Arusha, Mtanzania Haruhusiwi Kubisha Hodi



Wiki iliyopita nilimsindikiza bibi yangu, mama yake mama, kwenda kutibiwa macho. Tulipanda hais ya Kisongo. Bibi alikaa dirishani, sweta juu ya gauni, kitenge juu ya sweta, maana baridi ya Arusha ya mwezi wa saba mnaijua. Tulipofika usawa wa majengo ya TANAPA, Barabara ya Dodoma, akaona bendera zinapepea.

"Hapo ni kwa nani?"

"Mahakama ya Afrika, Bibi. Ya haki za binadamu. Serikali ikimwonea mtu wake, inashtakiwa hapo."

Akanyamaza mpaka tukapita. Kisha akauliza, "Kama kule alikokwenda Kirilo?"

"Kama kule. Tena hii ina majaji kabisa."

"Basi nyie mna bahati, mjukuu wangu. Sisi ilibidi tuchange hela apande ndege. Wewe ukionewa unakuja kwa miguu tu."

Sikumjibu. Niko mwaka wa tatu wa sheria, vifungu nimemeza, lakini nilishindwa kumwambia ukweli mbele ya abiria wote wale: kwamba mimi mjukuu wake siwezi kufungua kesi pale. Na wewe unayesoma hapa huwezi. Mtu wa Ghana anaweza. Wa Malawi anaweza. Wa Burkina Faso anaweza. Anafunga safari toka kwao mpaka Arusha kutafuta haki, na sisi tunaomkaangia chipsi mtaani tunabaki kumwangalia akiingia getini.

Nimeandika hapa kwa sababu ya ule ukimya wangu kwenye hais. Nataka vijana wa chama, hasa machalii wa Chuga, tujue mji wetu ni mji gani, tumenyang'anywa nini, na nani katunyang'anya.

MJI ULIOANZA NA ADHABU

Tukiulizwa Arusha ni nini, tunajibu haraka: mbuga, watalii, Azimio, tanzanite kutoka kule Mirerani, nyama choma. Sawa. Lakini mji huu haukuanza na utalii wala na soko. Ulianza na adhabu.

Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri waliuawa Akeri, kwenye miteremko ya Mlima Meru. Wajerumani hawakuuliza nani kaua na kwa nini. Kapteni Johannes alikuja toka Moshi na jeshi lake, nyumba zikachomwa, migomba ikafyekwa, ng'ombe wakaswagwa. Machi 1900 viongozi wa Kichaga, Kimeru na Kiarusha walinyongwa kwa pamoja kule Moshi, akiwamo Mangi Meli. Hakuna aliyewasomea mashtaka mnayoweza kuyaita mashtaka. Ndipo likajengwa boma la Arusha, na waliobeba mawe na kuchoma chokaa ni watu walewale waliopigwa, kwa nguvu, bila hiari. Lile boma leo ni makumbusho, watalii wanapiga picha. Mji wote mnaouona umeota kuzunguka lile boma.

Wakaja walowezi. Makaburu toka Afrika Kusini, Wajerumani, baadaye Wagiriki na Waingereza. Ardhi nzuri ya chini ya mlima ikakatwa mashamba. Ukitazama ramani za wakati ule unaona Wameru na Waarusha wamebanwa katikati: juu yao msitu wa serikali, chini yao shamba la mzungu. Ng'ombe akishuka kunywa maji, kaingia shamba la mtu.

Mwingereza alipochukua nchi, Arusha ikawa makao makuu ya Jimbo la Kaskazini, na mji ukagawanywa kwa rangi. Wazungu Uzunguni, kwenye miti na hewa. Wahindi kwenye maduka. Mwafrika akasogezwa upande wa pili, awe karibu vya kutosha kufanya kazi na mbali vya kutosha asionekane jioni. Jina la Uzunguni lipo mpaka leo. Mwambie boda akupeleke Uzunguni uone kama atauliza ni wapi. Na ukishatoka huko, nenda Unga Limited wakati wa masika uone mitaro. Wakoloni wameondoka, mipaka yao ya mitaa imebaki.

KIRILO

Sasa njooni Ngare Nanyuki.

Baada ya vita kuu ya pili serikali ya kikoloni ilitaka ukanda wa mashamba ya Wazungu pekee kati ya Meru na Kilimanjaro. Wameru waliokuwa Ngare Nanyuki wakaambiwa wahame. Na muelewe, baadhi ya ardhi ile Wameru walikuwa wameinunua wenyewe kwa fedha yao, yaani waliuziwa ardhi ya babu zao, wakalipa, kisha wakafukuzwa tena.

Novemba 1951 askari wakaja. Takriban watu 3,000 walitolewa. Nyumba zikachomwa, akiba ya chakula ikaungua, mifugo ikafa njiani. Wakaonyeshwa Kingori, kwenye joto na malaria, wengi wakakataa kwenda. Bibi yangu alikuwa na miaka minane. Anachokumbuka ni moshi, na mama yake kubeba kinu kichwani badala ya nguo. Mpaka leo hajui kwa nini mama yake aliona kinu ndicho cha kuokoa.

Wameru hawakurudi na mikuki. Walitafuta wakili. Walimpata Earle Seaton, mtu mweusi toka Bermuda aliyekuwa anafanya kazi Moshi. Wakachanga shilingi, wengine wakauza mbuzi, na mwaka 1952 wakamtuma kijana wao Kirilo Japhet mpaka New York, Umoja wa Mataifa. Mtanganyika wa kwanza kusimama pale na kusema: tumeonewa, na anayetuonea ni huyu hapa.

Kisheria alishinda? Hapana. Kwenye Baraza Kuu azimio la kuwatetea Wameru halikufikisha theluthi mbili ya kura. Lakini Kirilo aliporudi alizunguka nchi akieleza aliyoyaona: kwamba Mwingereza naye anaweza kusimamishwa akajieleza, tena mbele ya mtu mweusi. Miaka miwili baadaye, Julai 1954, TANU ikazaliwa. Wazee wa siasa za nchi hii wanajua kesi ya ardhi ya Wameru ilifanya kazi gani katika kuwaamsha watu.

Mimi kama mwanafunzi wa sheria kuna jambo moja linanikaa hapa kooni. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini. Mkataba wa Umoja wa Mataifa ulimpa mkaaji wa nchi ya udhamini haki ya kupeleka malalamiko yake moja kwa moja. Kwa hiyo mwaka 1952 Mmeru, mtu asiye na kura, asiye na bendera, chini ya gavana aliyeteuliwa London, alikuwa na haki ya kuipeleka serikali iliyomtawala mbele ya chombo cha kimataifa. Mwaka 2024 mjukuu wake, raia wa nchi huru, mwenye kitambulisho cha taifa na kadi ya mpiga kura, hana haki hiyo kwenye mahakama iliyo kilomita chache toka kwake.

Rudia kusoma hiyo aya taratibu.

JIJI LINALOAMUA KESI ZA WENGINE

Baada ya uhuru Arusha ikageuka mji wa mikutano. Januari 1967 Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa hapa, na Februari 5 Azimio likatangazwa, likiwa na miiko ya viongozi ndani yake. Miiko hiyo ilikuja kuzikwa Zanzibar mwaka 1991, na chama kilichorithi kile kilichoiandika. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliweka makao yake hapa, ikavunjika 1977, ikafufuliwa kwa mkataba uliosainiwa hapa Novemba 30, 1999.

Wanyarwanda walisaini mkataba wao wa amani hapa Agosti 1993. Ulipokanyagwa na watu wakachinjwa, dunia ikaleta mahakama hapahapa, ndani ya AICC. Septemba 1998 Jean-Paul Akayesu akawa mtu wa kwanza kutiwa hatiani kwa mauaji ya kimbari na mahakama ya kimataifa. Mwezi huohuo Jean Kambanda, aliyekuwa waziri mkuu, akahukumiwa kifungo cha maisha. Waziri mkuu mzima! Hapa, kwenye jengo ambalo tunapita tukienda Sekei. Warundi nao wakaja, Nyerere akawasuluhisha mpaka alipofariki, Mandela akamalizia, mkataba ukasainiwa Agosti 2000. Siku zile Rais Clinton alikuwapo, na tangu hapo tunaambiwa mji wetu ni Geneva ya Afrika.

Tukafurahi. Madereva wakapata kazi, mama lishe wakauza, wakalimani wakajenga Njiro. Sikatai, watu wamekula kupitia haki za wenzetu. Lakini jirani akija kwako kila siku kuamuliwa ugomvi wake, halafu watoto wako wanalia chumbani hakuna anayewasikiliza, wewe si msuluhishi. Wewe una sebule nzuri tu.

DAMU YETU

Januari 5, 2011 nilikuwa na miaka tisa. Chama chetu kilikuwa kinaandamana kupinga namna meya wa Arusha alivyopatikana. Mama alikuwa na genge la nyanya na vitunguu Ngarenaro. Nakumbuka alivyokuja mbio, kaacha genge wazi, kanishika mkono, akaloweka kanga kwenye ndoo akatufunika mimi na mdogo wangu usoni kwa ajili ya moshi wa mabomu. Milio mingine haikuwa ya mabomu ya machozi. Watu watatu walikufa kwa risasi. Kosa lao lilikuwa kuuliza kura za umeya zilipigwaje.

Juni 15, 2013 tulikuwa tunafunga kampeni za madiwani viwanja vya Soweto. Bomu likarushwa kwenye umati. Watu walipoteza maisha, wengine wakabaki na vyuma mwilini. Ni zaidi ya miaka kumi sasa. Nitajieni aliyehukumiwa. Mahakama ya hapa ilimfunga waziri mkuu wa nchi nyingine, lakini aliyerusha bomu Soweto hatujaonyeshwa.

Novemba 2016 mbunge wa jiji hili, Godbless Lema, alikamatwa kwa maneno aliyoyasema. Kosa lake lina dhamana. Dhamana ni haki, siyo hisani, hilo tunafundishwa mwaka wa kwanza. Alikaa mahabusu mpaka Machi 2017. Kisongo, huko huko iliko njia ya kwenda kwenye Mahakama ya Afrika. Barabara moja, makamanda. Jaji wa Afrika na mbunge asiye na dhamana, barabara moja.

Basi mtu aliyeonewa hivyo, mahakama za ndani zikimshinda, aende wapi? Jibu lilikuwepo. Kwa miaka kumi lilikuwepo.

MLANGO ULIKUWA WAZI

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilihamia Arusha mwaka 2007. Itifaki yake ina kitu kidogo chenye uzito: ibara ya 34(6). Inasema mtu binafsi au asasi inaweza kwenda moja kwa moja iwapo tu nchi yake imetoa tamko la kukubali. Tanzania ilitoa tamko hilo Machi 2010. Heshima kwao kwa hilo, natoa.

Watanzania wakaingia. Tukawa nchi yenye kesi nyingi kuliko zote pale. Na waliokwenda kwa wingi, tofauti na wanavyodhani wengine, hawakuwa wanasiasa wala wanaharakati wa mijini. Walikuwa wafungwa. Watu waliofungwa miaka 30 kwa ujambazi, waliosimama kizimbani peke yao bila wakili, wakaandika maombi yao toka gerezani. Soma kesi ya Alex Thomas, hukumu ya Novemba 20, 2015. Mahakama ilisema mtu anayekabiliwa na adhabu nzito kiasi kile alipaswa kupewa wakili bure. Ukishakuwa na kaka au mjomba aliyefungwa kwa kukosa hela ya wakili, hutaniambia mahakama ile ni ya wazungu.

Halafu zikaja kesi zilizowagusa wenye nchi.

Mchungaji Mtikila alipigania haki ya mgombea binafsi tangu miaka ya 1990. Mahakama Kuu ilimpa, Bunge likabadili Katiba kumzuia. Mahakama Kuu ikampa tena 2006, Mahakama ya Rufani ikaipangua 2010. Akaenda pale Barabara ya Dodoma, na Juni 14, 2013 akashinda. Mtanzania ana haki ya kugombea bila kudhaminiwa na chama. Mchungaji alifariki 2015. Hukumu haijatekelezwa mpaka leo.

Wakili Jebra Kambole akaenda na ibara ya 41(7) ya Katiba, ile inayosema Tume ikishamtangaza mtu kuwa Rais, hakuna mahakama yoyote yenye mamlaka ya kuchunguza uchaguzi wake. Yoyote. Julai 15, 2020 Mahakama ya Afrika ikasema ibara hiyo inakiuka Mkataba wa Afrika. Pandeni gari hapa, masaa mawili mko Namanga. Vuka mpaka, umefika nchi ambayo Septemba 1, 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais aliyekuwa madarakani. Dunia haikuisha. Shule zilifunguliwa, matatu zilipakia. Rudi upande huu wa geti, ukiuliza kura za rais umeingilia kisichokuhusu.

Na mlango wenyewe? Novemba 2019 serikali ikapeleka barua ya kufuta tamko. Angalieni tarehe. Barua ilipokelewa Novemba 21. Novemba 24 kulikuwa na uchaguzi wa serikali za mitaa, ule ambao wagombea wetu walienguliwa kwa maelfu, mwingine kwa kukosea kuandika jina la kitongoji, mpaka chama kikajitoa. Kufuta kukaanza kufanya kazi Novemba 22, 2020, majuma machache baada ya uchaguzi mkuu ambao yaliyotokea tunayajua wote. Sisemi barua iliandikwa kwa sababu ya chaguzi hizo, sikuwemo chumbani. Nasema tu mtu anayekusudia kutenda haki hana haraka ya kumfukuza shahidi.

WATASEMA

Najua majibu yao, maana hata darasani nayasikia.

Watasema Tanzania ni nchi huru, haiwezi kuhukumiwa na wageni. Basi kwa nini tulisaini itifaki? Kwa nini tuliomba mahakama iwekwe kwetu? Huwezi kutaka kodi ya nyumba za majaji, hadhi ya jiji na picha za mikutano, halafu ukakataa kazi wanayoifanya. Na Wanyarwanda tuliowahukumia hapa, uhuru wa nchi yao haukuwepo?

Watasema watu waliruka mahakama za ndani, na kwamba tamko lilitumika kinyume na sharti tuliloweka. Sharti hilo ni la kumaliza kwanza njia za ndani, nalo limo tayari kwenye Mkataba wa Afrika, ibara ya 56. Asiyemaliza njia za ndani anatupwa nje, na wengi wametupwa. Kama serikali iliona mahakama imekosea kupima, hoja hiyo inajibiwa kwa mawakili mahiri wa serikali, siyo kwa kumfungia mlango mfungwa wa Butimba.

Watasema bado kuna Tume kule Banjul, na bado kuna Mahakama ya Afrika Mashariki, nayo ipo Arusha. Hili ni kweli na tusilidharau. Vijiji vya Loliondo vilikwenda Mahakama ya Afrika Mashariki mwaka 2017 kupigania ardhi yao. Septemba 2022 wakaambiwa wameshindwa, Novemba 2023 kitengo cha rufaa kikaamuru kesi isikilizwe upya. Kumbe kudai kunawezekana. Lakini mahakama ile inakupa miezi miwili tu toka uonewe, ukichelewa umekwisha. Miezi miwili, mtu yuko Loliondo au mahabusu, hana wakili! Na Banjul ni Gambia. Tunamrudisha mtu kwenye safari ya Kirilo, miaka sabini baadaye, wakati mahakama iko jirani na kituo cha hais.

Na nimeitaja Loliondo makusudi. Juni 2022, mkoa huuhuu wa Arusha, serikali iliweka vigingi kwenye kilomita za mraba 1,500, watu wakakimbilia Kenya. Soma habari zile kisha soma za Ngare Nanyuki 1951. Badilisha majina tu.

Mwisho watasema tunachafua mji, watalii watakimbia, mbona tunajengewa uwanja wa AFCON 2027 kule Olmoti? Uwanja tunaushukuru, ni kodi yetu. Tutakwenda kushangilia. Ila uwanja hausikilizi kesi.

TUNAFANYA NINI

Sitaki andiko hili liishie kwenye kulalamika, tunalalamika vya kutosha kwenye makundi ya WhatsApp.

Moja. Kila tunapodai Katiba Mpya, dai la kurudisha tamko la 34(6) liwe ndani yake kwa jina. Hili halihitaji kura ya maoni wala Bunge la Katiba. Lilitolewa kwa karatasi, likafutwa kwa karatasi, linarudishwa kwa karatasi. Maridhiano wanayoyasema kila siku yakiwa ya kweli, hii ndiyo karatasi ya kwanza. Mpaka leo sijaiona.

Mbili. Ibara ya 41(7) ifutwe. Kijana wa chama asiyeijua namba hiyo ajifunze leo. Mkiulizwa vijiweni kwa nini mnasema uchaguzi wetu haujakamilika, msirushe matusi. Tajeni ibara, tajeni Kambole, tajeni tarehe. Matusi yanasahaulika kesho, namba ya ibara inamkaa mtu kichwani.

Tatu. Novemba 2024 kulikuwa na uchaguzi wa serikali za mitaa. Wakati wa kuandikisha kwa uchaguzi mwingine ukifika, nenda kajiandikishe kwenye kitongoji au mtaa wako, na umpeleke na jirani. Mwaka 2019 walituengua kwa fomu. Basi safari ijayo fomu zetu zipitiwe na watu watatu kabla hazijapelekwa, na kila atakayeenguliwa aandike pingamizi, apate nakala yenye mhuri, aitunze. Wanafunzi wa sheria wa chama, hapa ndipo kazi yetu ilipo. Mimi nimeshajiorodhesha kata yangu. Karatasi iliyotunzwa ndiyo kesi ya kesho, hata kama leo hakuna mlango wa kuipitishia. Wameru wa 1951 hawakujua kama New York itawasikia. Lakini waliandika.

Jana jioni nilimrudia Bibi. Nilimkuta jikoni Akeri anapepeta maharage ya makande. Nikamwambia yote: kwamba ile mahakama aliyoiona, mimi siruhusiwi kwenda kushtaki pale, serikali yetu ilijitoa.

Aliendelea kupepeta. Kisha akauliza, "Nani aliwaambia mkubali?"

"Hatukuulizwa, Bibi."

"Sisi pia hatukuulizwa," akasema. "Tukachanga."

Tukutane kwenye kata, makamanda. Mje na kalamu.